Risasi ya Tano

Ekalaka, Montana
Februari 20, 1994

Shangazi Ovella,

Keki yako imefika. Imesafiri ikilala ubavu, na matabaka mawili yamehamia upande mmoja kama watu waliogombana, lakini nimeila yote peke yangu kwa siku nne na sina majuto. Huku theluji imefika kwenye vioo vya gari. Kazi inaendelea. Juzi niliendesha maili themanini kumfunga kidonda mzee mmoja aliyekanyagwa na fahali wake mwenyewe. Nilipoingia na mkoba wangu wa uuguzi akaniuliza kama nimekuja kumtibu yeye au fahali.

Fimbo ya kutembelea ya marehemu baba ninayo, iko nyuma ya mlango. Kila barua unaiulizia hiyo fimbo kuliko unavyoniulizia mimi. Nikiitazama nakumbuka utani wake, kwamba ule mguu wake mbovu aliubadilisha na mtu fulani zamani, na katika biashara hiyo yeye ndiye aliyepata faida. Mpaka nafika darasa la sita niliamini aliubadilisha na yule farasi wetu mwekundu.

Sasa jambo lenyewe. Nimenunua bastola. Ni ndogo, ya silinda, inabeba risasi tano, na mtutu wake haufiki urefu wa kidole changu cha kati. Fremu ni ya aluminiamu. Ukiitia kwenye mfuko wa koti unasahau kama ipo. Nimeinunua kwa ajili ya nyoka, maana huku wako wale wenye manyanga mkiani, na mimi nashinda kwenye majani ya watu.

Ninachotaka kujua ni risasi gani niitie. Dukani zilijaa rafu nzima. Muuzaji alinichagulia boksi moja, kichwa cha risasi kina tundu mbele na baruti imezidishwa.

"Dada, chukua hizi," akasema. "Ukimpiga mtu moja ya hizi, ya pili huihitaji."

"Na nikimkosa na hiyo moja?"

Akacheka, akanifungashia. Nimepiga mbili nyuma ya ghala, kiganja kimeniuma hadi Jumapili. Wewe uliyeshinda mapaja ya nguruwe kwenye mashindano ya shabaha mpaka wanaume wa Lost Creek wakaomba upumzike mwaka mmoja, niambie nifanye nini.

Renda


Lost Creek, Kentucky
Machi 6, 1994

Renda, binti wa kaka yangu,

Hapa sote tunapumua. Binamu yako Verlin ameezeka paa upya na bado linavuja pale pale. Mchungaji mpya anahubiri mpaka maharage yanaungua majumbani. Vitunguu pori vimeanza kuchomoza kule juu, nimevichuma na kuvikaanga na mayai, na nyumba inanuka vizuri.

Nimesoma habari ya nyoka. Mwezi wa pili, theluji kwenye vioo vya gari, nyoka. Hao wa Montana wanavaa sweta? Sitakubana. Siku ukitaka kumtaja huyo nyoka kwa jina, mimi nipo.

Bastola umechagua vizuri sana. Mimi nazipenda hizo ndogo kupita kiasi. Fundi aliyefikiria kutengeneza kitu kinachokaa mfukoni siku nzima bila kukuelemea, na kikitoka mfukoni kikafanya kazi bila kubembelezwa, huyo namvulia kofia. Lakini wepesi wake una gharama, na gharama inalipwa na mkono wako. Bastola nzito hulimeza yenyewe teke la risasi. Hii nyepesi inakupa lote.

Ndiyo maana huyo muuzaji amekupa boksi la kumfaa yeye, siyo wewe. Zile risasi za tundu zimeundwa ili kichwa kifunguke kikiingia, na zikitoka kwenye mtutu mrefu zinafunguka kweli, napongeza. Ila mtutu wako ni mfupi, risasi inatoka kabla haijapata mbio. Tena fikiria mtu wa huko kwenu, alivyovaa. Wiki hii nimepanga nyuma ya banda madumu sita ya maziwa yaliyojaa maji, mbele yake nikaning'iniza ile ovaroli ya marehemu Elzie, iliyotiwa pamba. Nimepiga aina nne. Zile za tundu, mbili kati ya tatu zilijaza tundu pamba, zikapita zimefumba kama hazijawahi kupigwa. Elzie mume wangu angenilaumu kwa ovaroli yake.

Sasa nikwambie ninayoipenda. Inaitwa risasi bapa. Utaiona kwenye kona ya chini ya rafu, wanauza kwa watu wa shabaha, na muuzaji atakuonea huruma ukiiomba. Haina ncha kabisa. Kichwa kimekatwa kama kisiki na kimezama chote ndani ya ganda, ukiitazama utadhani ganda tupu. Baruti yake ni ya upole. Kwenye karatasi inatoboa tundu la duara safi, kama lile la mashine ya kutobolea faili. Haitegemei kufunguka, kwa hiyo nguo haiwezi kuiharibia. Inakwenda moja kwa moja, inakata inapopita, na inafika mbali kuliko zile za makelele. Dumu la tano lilitoboka. Na ya pili utaipiga kabla mkono wako haujapanda, hilo ndilo kubwa. Ubaya wake ni mmoja: kwa kuwa haina ncha, kuiingiza kwenye silinda kwa haraka ni taabu. Kwa hiyo za akiba mfukoni ziwe za kichwa cha mviringo.

Jambo la mwisho, na hili nisikilize. Risasi ya aina yoyote utakayoichagua, usiibebe kabla hujaipima. Jaza tano. Ya tano ichore mstari wa wino pale ganda linapokutana na kichwa. Piga nne, kisha itoe ya tano uitazame. Ikiwa kichwa kimesogea mbele hata unene wa ukucha, boksi zima mpe mtu mwenye bastola nzito. Usiniulize kwa nini. Fanya tu.

Fimbo ipake mafuta ya kitani, isipasuke kwa baridi.

Shangazi yako


Ekalaka
Aprili 2, 1994

Shangazi,

Fimbo imekula mafuta, inang'aa. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara zote zimekuwa uji. Nimekwama mara mbili wiki hii, mara zote mbili nikavutwa na trekta la mwanamke mmoja mwenye miaka sabini na tisa ambaye presha yake ni bora kuliko yangu.

Nimefanya ulivyosema. Nilianza na zile za muuzaji, kwa sababu nilishazinunua na kwa sababu, nikubali tu, nilitaka kukuonyesha kwamba unazidisha. Nikachora mstari. Nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikavuta ya nne, kidole kinavuta, silinda haizunguki. Nikavuta kwa vidole viwili. Hakuna. Nilikuwa nimesimama na kitu mkononi kisichonifaa hata kama kijiko.

Ilinichukua robo saa kuifungua. Ile ya tano ilikuwa imetambaa kutoka ndani ya ganda lake, kichwa kimetokeza mbele ya silinda na kugonga fremu. Kumbe kila bastola inaporuka nyuma, maganda yanarudi nayo na vichwa vinabaki mbele, kidogo kidogo, mpaka kimoja kinaziba njia. Hakuna aliyeniambia. Muuzaji nilipomweleza alisema, "Kwenye yangu haijawahi." Nikauliza yake ina uzito gani. Ni ya chuma tupu, ungeweza kuegeshea gari.

Shangazi, wewe ulijuaje? Hii si habari ya kusoma kwenye boksi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikikuwaza. Sijui mwanamke mwingine ambaye angeweza kuniokoa kwa mstari wa wino akiwa maili elfu moja na mia tano.

Basi na mimi nikupe changu. Nyoka anaitwa Royce. Barua imetoka Ohio kwamba mume wangu wa zamani anaachiwa kutoka jela mwezi wa tano. Mara ya mwisho tulipoonana mahakamani pale Dayton alinisemesha kwa midomo tu, bila sauti, na nilimsoma vizuri. Sikukwambia kwa sababu ulishamwambia baba kabla ya harusi kwamba yule bwana anatabasamu kwa meno peke yake, na mimi nikakununia mwaka mzima.

Nijibu ulijuaje.

Renda


(Kadi ya posta, picha ya daraja la Jackson)
Juni 11, 1994

Renda. Samahani kwa kukaa kimya. Royce alikuja hapa Jumapili ya kusafisha makaburi, akakaa kwenye meza yetu akala kuku wangu. Alikuwa akikuulizia kwa upole sana. Mimi nilimwambia umeolewa Alaska. Lakini mke wa Verlin, Mungu ampe akili, alishamwambia Montana, na sasa Royce anajua wewe ni muuguzi wa kaunti. Nenda mahakamani kesho asubuhi ukachukue amri ya kumzuia. Risasi bapa, hamsini kila Jumamosi. Mengine nitaandika. O.


Ekalaka
Julai 3, 1994

Shangazi,

Amri ya mahakama ninayo, haruhusiwi kunikaribia. Hakimu ni mtu mzima mwenye kofia ya wachunga ng'ombe juu ya meza, alinisikiliza mpaka mwisho. Polisi wa kaunti anaitwa Lyman Tolle, anakaa maili kumi na mbili kutoka kwangu, na akasema mambo kwa uwazi: "Ukinipigia, natoka saa hiyo hiyo. Lakini zile dakika ishirini ni zako mwenyewe, Renda." Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Zile bapa nimezipima. Nimejaza, nimepiga nne, ya tano nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Haikusogea. Nimerudia mara kumi kwa sababu ni wewe uliyeniambia. Kila Jumamosi natundika sahani za karatasi kwenye ukuta wa ghala na kusimama hatua saba. Mwezi wa nne nilikuwa napiga ukuta. Mwezi wa tano nikaanza kupata ukingo. Jana zote tano zimekaa katikati, ningezifunika kwa kifuniko cha chupa ya jemu. Nimeiangalia hii bastola ndogo kwa heshima. Kumbe haikuwa na kosa, ilikuwa inalishwa chakula kisicho chake.

Sahani sizitupi. Nimeziacha ukutani, zinanipa moyo nikianika nguo.

Ila wewe nina neno nawe. Nimekuuliza mwezi wa nne ulijuaje. Ukakaa kimya wiki kumi, ukaleta kadi ya posta. Nimekutajia nyoka wangu kwa jina. Mtaje na wako.

Renda


Lost Creek
Julai 17, 1994

Mwanangu Renda,

Leo sina habari za jirani. Nimeandika barua hii mara nne na tatu nimezitia motoni.

Kabla ya Elzie niliolewa na mtu aliyeitwa Hobart Gross. Wewe hukuwa umezaliwa na hapa nyumbani jina lake halitajwi, kwa heshima yangu. Nilimwacha mwaka 1962 baada ya kunivunja mkono, nikarudi kwa mama. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona hodari. Nilikuwa najaza maganda yangu mwenyewe. Nilikuwa na mashine ya kushindilia risasi kwenye meza ya jikoni, napima baruti mwenyewe, naweka kichwa mwenyewe, nabana mdomo wa ganda mwenyewe. Hakuna mwanamume kwenye hili bonde aliyekuwa na risasi zenye kulenga kama zangu, na nilipenda waseme hivyo.

Nikanunua bastola nyepesi kama yako. Nikaijaza risasi zangu zile zile nilizokuwa napigia bastola nzito ya baba, zenye nguvu, zilizonishindia mapaja matatu ya nguruwe. Sikuzijaribu kwenye ile nyepesi. Kwa nini nizijaribu? Nilizitengeneza mimi. Na midomo ya maganda nilikuwa naibana kidogo tu, kwa sababu ukiibana sana shabaha inapungua kidogo, na mimi nilikuwa mtu wa shabaha.

Hobart alikuja asubuhi ya mwezi wa kumi na bunduki ya kuwindia. Mimi nilikuwa barazani, baba yako anapasua kuni uani. Hobart aliita jina langu, akainua bunduki. Nikapiga moja ikagonga nguzo. Nikapiga ya pili ikampita sikio. Ya tatu nilimlenga sawasawa, Renda, nilikuwa naye. Nikavuta, silinda haikuzunguka.

Nilisimama pale nikivuta. Nilikuwa natazama mkono wangu badala ya kumtazama yeye. Baba yako alitupa shoka akakimbia akasimama mbele yangu, na ile bunduki ililia, ikamwingia kwenye nyonga. Hata hivyo alimfikia Hobart, akamwangusha, akamkalia kwa ule mguu uliovunjika mpaka watu wakaja. Hobart alifungwa, akafia huko. Baba yako Harlan alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikuwa mcheza dansi bora kuliko wote kutoka hapa mpaka Hazard. Hakucheza tena.

Kesho yake nilifungua silinda. Kichwa kimoja kilikuwa kimetambaa nje. Risasi yangu, iliyobanwa na mkono wangu, kwa majivuno yangu.

Nilimwambia pale hospitali. Nilipiga magoti. Alisema, "Ovella, nisogezee mto." Basi. Miaka ishirini na tisa mpaka anazikwa hakunirushia neno, hata tukigombana, hata akilewa, na akakataa watoto wake waambiwe. Nimeishi na mtu mkubwa kiasi hicho, na sijawahi kujua kama moyoni aliona nilistahili. Ndiyo maana naulizia fimbo. Sina kingine chake cha kuulizia.

Ndani ya bahasha utakuta kipande kile kilichotambaa. Ni madini tu, hakina baruti, posta wanaruhusu. Nimekiweka kwenye kopo la vifungo miaka thelathini na miwili. Sasa unajua kila kitu, na ukitaka kuninunia mwaka mwingine nitakuelewa.

O.


Ekalaka
Septemba 25, 1994

Shangazi yangu,

Nisamehe, safari hii mimi ndiye niliyechelewa. Nilianza kukujibu mara nyingi, na kila mara nililia juu ya karatasi, na wino huu haupendi maji. Sasa lipo la kusema.

Royce amekuja. Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilikuwa naanika mashuka nikaona vumbi barabarani, halafu gari lenye namba za Ohio. Niliingia ndani nikampigia Lyman, nikavaa koti lenye bastola, nikatoka. Ningeweza kufunga mlango na kukaa, lakini mlango wangu ni wa ubao na mimi nilitaka kumwona aliko.

Alisimama nje ya lango. Amekonda. Tabasamu ni lile lile ulilolisema.

"Umenisumbua kukutafuta," akasema.

"Kuna amri ya mahakama, Royce. Polisi yuko njiani. Rudi ndani ya gari."

"Umeshika nini mfukoni?"

"Unajua nimeshika nini."

Akacheka. "Wewe? Wewe ulikuwa unafumba macho nikichinja kuku."

Akatia mkono kwenye komeo la lango. Nilimwambia, "Kabla hujafungua, tazama ukuta wa ghala." Akatazama. Shangazi, zile sahani zilikuwa pale, za wiki zaidi ya ishirini, zimepangwa kwa tarehe. Zinaanzia na matundu yaliyotawanyika ovyo na kumalizikia na sahani ambazo katikati pametoka kipande kizima. Alizisoma kuanzia kushoto kwenda kulia kama mtu anayesoma gazeti. Nilimwona alipofika mwisho. Mkono ukatoka kwenye komeo.

Alirudi akakaa garini, mlango wazi, miguu nje, na mimi nilisimama pale pale mpaka Lyman alipofika dakika kumi na tisa baadaye akamtia pingu kwa kuvunja amri. Walikuta bastola chini ya kiti chake, na kwa mtu aliyetoka kifungoni hilo tu linamrudisha kwa miaka.

Sikupiga hata moja. Nataka ujue kwa nini sikupiga. Kila mtu ananisifu hapa kwamba sikutetemeka, na mimi nawaambia sikuwa na haja. Nilikuwa na uhakika kwamba nikivuta mara tano, itazunguka mara tano. Mtu mwenye uhakika huo anaweza kumsubiri mwenzake atoe mkono kwenye komeo. Uhakika ule ulinipa wewe, na najua uliununua wapi. Jioni nilizitoa zote tano nikazitazama kwa kioo. Zimezama ndani ya maganda kama nilivyozitia, hakuna iliyosogea. Kile kipande chako nimekiweka dirishani, mahali penye jua.

Sasa habari ya baba. Unasema hukuwahi kujua aliona vipi moyoni. Mimi najua, kwa sababu alituambia miaka yote na hatukuelewa. Kila mtu akimuuliza kuhusu mguu, dukani, kanisani, hata yule daktari wa Lexington, alijibu hivyo hivyo, na nilikuandikia mwenyewe mwezi wa pili bila kujua ninachoandika. Alisema aliubadilisha na mtu zamani, na katika biashara hiyo yeye ndiye aliyepata faida.

Aliyempata hakuwa farasi, Shangazi. Ni wewe.

Nakuja mwezi wa kumi na moja. Nakuletea fimbo.

Renda